Gari Safi la Mama Mkwe

Mume wangu ana jina lake zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini kwenye gereji zote za upande wetu wanamwita Subiri, na mimi pia siku nikichukia namwita hivyo hivyo. Jina hilo amejitafutia mwenyewe. Mteja akifika na gari linalowaka taa dashibodi nzima, akasema, "Fundi, nimeambiwa kompyuta ya breki imekufa, nifungie nyingine," yeye hujibu, "Subiri kwanza." Mteja akisema ana haraka, anaambiwa asubiri. Ukimwambia chakula kinapoa, subiri. Siku tuliyofunga ndoa, aliulizwa kama amenikubali, naye akanyamaza kama mtu anayesikiliza injini, mpaka mama yangu mdogo akaanza kulia. Baadaye aliniambia alikuwa anataka kujibu vizuri. Huyo ndiye mtu ninayeishi naye.

Ni fundi umeme wa magari. Kubadilisha betri na kufunga redio anafanya, lakini kazi yake hasa ni ule ugonjwa wa magari ya siku hizi ambao mafundi wengine wanaukimbia. Amenieleza mara nyingi huku mimi naosha vyombo, kwa hiyo naweza kuusimulia hata nikiwa nimefumba macho. Ndani ya gari mna kompyuta ndogo ndogo: ya injini, ya breki, ya usukani, ya dashibodi, na nyingine. Zote zinapashana habari kupitia waya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja. Mmoja asiposikika, wenzake wanaandika malalamiko kwa namba, na namba hizo fundi anazisoma kwa kuchomeka mashine yake chini ya usukani. Sasa watu wakiona mashine imeandika kwamba kompyuta ya breki haisikiki, wanakimbilia kununua kompyuta ya breki. Hapo ndipo Subiri anapokaribia kupandisha sauti.

"Namba inakwambia nani hasikiki," husema. "Haikwambii nani kamziba mdomo. Labda waya umekatika. Labda kuna kutu. Labda ni kompyuta nyingine kabisa inayopiga kelele, wengine wakashindwa kusikilizana."

Mimi nauza kwenye duka la dawa, kwa hiyo namwelewa. Kila siku naletewa watu waliojipima wenyewe nyumbani, wanataka kile kidonge chekundu alichopewa jirani. Tofauti yetu ni kwamba mimi nikiudhika nasema, yeye akiudhika anajikuna shingo kwa bisibisi.

Banda lake ni la mabati, magari mawili yakiingia mlango haufungi. Limebanana na sehemu ya kuoshea magari ya jirani yetu tunayemwita Povu, na siku nzima pampu yake inaunguruma kiasi kwamba watu wa pande zote mbili wamezoea kupiga kelele hata wakiwa nyumbani kwao. Ndani kuna benchi lililojaa vipande vya waya, kipima umeme chenye kioo kilichopasuka, na kigoda kimoja cha mbao ambacho mguu wake umefungwa kwa waya. Kigoda hicho ni chake. Anakalia hicho kuanzia asubuhi, kasoro akija mama yangu. Akija mama yangu anakifuta kwa shati lake, anampa, halafu anasimama kando ameshika mikono mbele kama mtu anayepigwa picha. Tangu anioe sijawahi kumwona ameketi mbele ya mama mkwe wake. Nikimwuliza, anasema ni heshima. Nikamwambia heshima gani ya kumfanya mtu ajione yuko mahakamani. Akasema nisubiri, ataizoea. Watoto wetu sasa wako sekondari.

Mama naye si mtu mwepesi kumzoea. Alikuwa mkunga mpaka alipostaafu, na amezalisha nusu ya watu wa upande wetu wa mji. Sokoni wanaume wenye ndevu wanamwamkia huku wakitazama chini, kwa sababu anawajua tangu walipokuwa uchi. Nyumbani kwake vitambaa vya viti vimepigwa pasi, sufuria zinang'aa hata makalioni, na mgeni akivua viatu mlangoni, Mama anavitazama kwanza vile viatu ndipo amtazame mgeni.

Alijifunza kuendesha gari baada ya kustaafu, akiwa mjane. Kaka yangu mkubwa alicheka mpaka akakohoa. Mama akafeli jaribio la kwanza, akarudi, akafaulu, akanunua kigari cheupe kwa mafao yake, na tangu hapo hatujampata nyumbani bila kupiga simu kwanza. Mama mdogo, yule yule aliyelia kwenye ndoa yangu, alipooza upande mmoja, na kila wiki Mama anampeleka hospitali kufanyishwa mazoezi ya mguu. Akitoka hapo wanazunguka. Wanakwenda kuwaona wazee wenzao, wanakwenda misibani, wanakwenda tu.

"Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuamshwa na kupakiwa," Mama huniambia. "Mimba ya fulani imefika, panda, twende. Sasa naenda ninapotaka mimi."

Basi kigari hicho kikaanza kuzimika. Na hakikuzimika ovyo, kilichagua siku. Siku za kwenda sokoni au kanisani kilikwenda kama saa. Siku ya harusi ya mtoto wa binamu yangu kikawaka taa zote, mshale wa mwendo ukaanguka, usukani ukawa mgumu kama umetiwa saruji, kikazima barabarani na Mama ndani amevaa kilemba kipya. Siku ya msiba wa mkunga mwenzake, hivyo hivyo. Mama mdogo akasema kuna mkono wa mtu. Kaka akasema mkono wenyewe ni wa Mama.

Kila mara kilivutwa mpaka kwa Subiri, na kila mara kilipofika kwa Subiri kilijifanya hakijui kitu. Kinakaa bandani, kesho yake asubuhi kinawaka kwa ufunguo wa kwanza. Mume wangu anachomeka mashine, anakuta namba zimejaa: breki haisikiki, usukani hausikiki, hata dashibodi inalalamika. Lakini zote ni kumbukumbu tu, malalamiko ya jana. Muda huo kila kompyuta inaitika. Anapima zile waya mbili za mawasiliano, kipimo kinatakiwa kisome sitini, kinasoma sitini. Anatikisa waya, anagonga gonga, anapapasa chini ya zulia. Sitini. Nilifika mahali nikaichukia hiyo sitini kama mtu.

Halafu anafuta namba, jioni anampa Povu gari alisugue, kwa sababu hawezi kumrudishia mama mkwe gari lenye vidole vya grisi, na kesho yake anampelekea linang'aa. Mama anashukuru kwa adabu. Baada ya muda, siku ya maana ikifika, kinazima tena.

Kaka yangu anafanya kazi kwenye ofisi ya bima, na hata akisalimia unahisi kuna masharti kwa chini. Alianza kwa utani. "Shemeji, bado unalifundisha gari kuongea?" Kisha utani ukaisha. Akasema ana fundi wake aliyemwambia jambo hili ni kompyuta ya breki na haifai kuinunua kwa gari la umri ule. Akasema amepata mnunuzi. Mama asiwe na wasiwasi, atapangiwa zamu, siku hii atachukuliwa na huyu, siku ile na yule. Jumapili tukutane kwa Mama, ufunguo ukabidhiwe, mambo yaishe.

Mama alinipigia simu dukani. Sijazoea kumsikia Mama akiongea polepole.

"Kaka yako anasema ni kwa ajili ya usalama wangu."

"Wewe unasemaje?"

"Nasema nitakuwa kifurushi. Cha kuchukuliwa na kurudishwa."

Na wiki hiyo hiyo, kabla ya Jumapili yenyewe, kigari kikazima tena katikati ya mzunguko wa barabara, Mama mdogo akiwa kiti cha mbele na mkongojo wake, lori nyuma yao likipiga honi kama limeibiwa. Mama alinipigia akasema, "Limezima. Usimwambie kaka yako." Kumbe Mama mdogo alikuwa ameshampigia kwa simu yake, analia.

Niliomba ruhusa nikaenda bandani. Kigari kilikuwa kimeshaletwa kwa kamba, cheupe, kinang'aa juani, na Mama amekaa kwenye kigoda, mkoba magotini, Mama mdogo akiwa bado ndani ya gari. Mume wangu amesimama, mikono mbele.

"Mkwe wangu," Mama alisema, "nikuulize, na unijibu kweli. Niliuze?"

Nilimtazama mume wangu nikimwomba kwa macho aseme lolote, hata uongo.

"Mama," akasema, akiangalia viatu vyake, "nisubiri kidogo."

Mama akainuka, akakunja midomo, akaenda kumtafutia mdogo wake teksi. Hapo mimi nikapasuka. Nilimwambia yote, hata yasiyohusu gari. Kwamba mtu anakaribia kunyang'anywa miguu yake, na yeye anasema subiri. Kwamba kaka yangu anatucheka. Kwamba kama hawezi afadhali aseme hawezi, tujue moja. Povu alizima pampu yake ili asikie vizuri.

Subiri alijikuna shingo kwa bisibisi. Akasema, "Kitu fulani kinatokea kabla ya gari kufika hapa. Mimi siku zote nakutana nalo baada."

"Basi muulize mwenye gari."

"Nimhoji mama mkwe? Alipita wapi, alifanya nini, aliligusa wapi? Kama polisi?"

"Ndiyo. Kama fundi."

"Kaulize wewe," akasema. "Lakini akijibu, uniletee maneno yake kama yalivyo. Usinifupishie."

Huyo ndiye mume wangu. Gari liko mbele yake, mwenye gari yuko hatua chache pale barabarani anatafuta teksi, na mimi ndiye waya wa mawasiliano. Nilikwenda nikiwa nimefura, nikamfuata Mama mpaka kwake nyumbani, nikamuuliza kama alivyotaka: asubuhi ya leo, tangu umeamka, ulilifanyia nini gari. Mama aliudhika kama nilivyojua ataudhika.

"Unataka kusema nimeliharibu?"

"Mama, naomba unijibu tu."

"Sikulifanyia kitu. Nimetoka nalo safi, kama ninavyotoka siku zote nikiwa naenda kwa watu. Nimepita kwa wale vijana wa pampu hapo chini, wameliosha juu, chini, na injini. Au ulitaka tukitoka hospitali niingie msibani na gari la matope?"

Nikarudi bandani, nikasema neno kwa neno, nikiiga mpaka sauti yake. Subiri alikuwa ameinama chini ya boneti, gari limeshajirudi na kuwaka kama kawaida yake. Akainuka taratibu.

"Na injini?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kila akienda kwa watu?"

"Kila akienda kwa watu. Na hata akikuletea wewe kwa matengenezo madogo, jana yake anapita kwa hao vijana. Ameniambia hawezi kumpelekea mkwe gari chafu, halafu mkwe alale chini yake."

Alikaa kwenye kigoda, akashika tama. Nilidhani amefurahi. Badala yake akamwita Povu, na Povu akaja akijifuta mikono.

"Lile gari jeupe," Subiri akamuuliza, "nikikupa uoshe kabla sijalirudisha, unaosha mpaka wapi?"

Povu akashangaa. "Si ulisema ni la mama mkwe? Naosha mpaka ndani ya boneti. Lako naosha juu tu."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Mama kwa adabu yake anaosha injini kabla ya kulileta. Mume wangu kwa adabu yake anaosha injini kabla ya kulirudisha. Kigari katikati kinanyweshwa maji na pande zote mbili, na kila mmoja ana haya ya kumwambia mwenzake neno. Wangekuwa watu wawili wasioheshimiana, gari lingepona zamani.

"Osha," Subiri akamwambia Povu. "Na injini. Kama la mama mkwe."

Povu akaleta bomba. Maji yakapigwa kwa nguvu ndani ya boneti, mvuke ukapanda. Subiri akawasha gari, akaliacha likiunguruma, akasimama kando, na safari hii hata mimi nilisubiri. Injini ikapata moto. Kisha taa moja ya njano ikawaka, ikafuatwa na nyingine, dashibodi nzima ikawaka, mshale ukaanguka, gari likazima. Nimemwona mume wangu akishika watoto wake wachanga, na nawaambia uso wake haukuwa na furaha zaidi ya hapo. Alikuwa anacheka peke yake.

Akatoa betri, akapima zile waya. Hakukuwa na sitini. Namba ilikuwa chini kabisa, inapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Akaanza kuchomoa kompyuta moja moja, kila akichomoa anatazama kipimo. Ya usukani, bado. Ya dashibodi, bado. Akafika kwenye ya breki, iliyokaa kule mbele kando ya injini, akachomoa plagi yake nene, maji yakamwagika mkononi mwake, na kipimo kikarudi sitini.

Akanionyesha ndani ya plagi. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekauka na kupasuka, na pini mbili zilikuwa na kutu ya kijani. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzima. Fundi wa kaka yangu angenunua mpya, akaichomeka kwenye plagi ile ile, nayo ingezibwa mdomo vile vile. Maji yakiingia, zile waya mbili zinagusana kupitia maji, na kompyuta zote zinanyamaza. Usiku kucha bandani yanakauka, asubuhi gari zima. Subiri akaenda kwa wauza vipuri vya magari ya zamani akapata plagi nyingine yenye mpira mzima, akakaa nayo mpaka jioni akiunga waya mmoja baada ya mwingine. Kisha Povu akaosha tena, na tena. Taa haikuwaka hata moja.

Mimi nikashika simu nimpigie Mama. Mume wangu akanizuia mkono.

"Utamwambiaje?"

"Nitamwambia ni maji. Kwamba ni wale vijana na pampu yao."

"Utamwambia ameharibu gari lake kwa usafi. Halafu Jumapili kaka yako atasema hivi: Mama mwenyewe ndiye anayeliharibu, hawezi kutunza gari, lete ufunguo."

Nikashusha simu, kwa sababu kweli kaka yangu angesema hivyo hivyo, na kwa sauti ile ile.

"Sasa wewe utasema nini?"

"Subiri," akasema. Ningemrushia kigoda.

Jumapili tulikutana kwa Mama. Kaka amekuja na mkewe, wifi yangu, ambaye alikuwa anatazama dirishani kama mtu asiyetaka kuwapo. Mama mdogo yuko kwenye kiti chake na mkongojo. Mume wangu amekataa kiti, amesimama mlangoni kama kawaida yake. Ufunguo uko mezani juu ya kitambaa, na Mama amekaa mbele yake, mgongo umenyooka, hagusi chai.

Kaka akaeleza kuhusu mnunuzi. Akaeleza zamu. Kisha akamgeukia mume wangu. "Au labda shemeji amegundua kitu. Maana tumesubiri sana."

"Nimegundua," mume wangu akasema. "Shida ilikuwa ni mimi."

Nilifungua mdomo. Alinitazama mara moja tu, nikaufunga.

"Kila nikimaliza kazi, nilikuwa natoa gari likaoshwe kabla ya kumrudishia Mama. Likioshwa linaoshwa na injini. Maji yalikuwa yanaingia kwenye plagi ya kompyuta ya breki, ambayo mpira wake umezeeka. Mimi ndiye fundi, ningetakiwa nijue. Nimebadilisha plagi. Haitarudia."

Kaka alicheka kwa pua. "Kwa hiyo muda wote huu tunahangaika, Mama anazima katikati ya malori, kumbe ni shemeji na sabuni yake." Akaendelea, na sitaki kuyarudia yote, kwa sababu ni kaka yangu na bado tunasalimiana. Mume wangu alisimama pale mlangoni akimezea kila neno, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu upole wake haukunikera. Uliniuma.

Mama hakuwa akimtazama kaka. Alikuwa akimtazama mkwe wake. Mtu aliyekaa miaka yote ile akiwasikiliza wanawake wakimwambia uchungu bado, akijua kwamba umefika, si mtu wa kudanganywa kwa nusu ya ukweli. Na mimi ndiye niliyekwenda kumuuliza asubuhi ile alilifanyia nini gari.

"Kwa hiyo sasa likioshwa halitazima?" akauliza.

"Halitazima, Mama."

"Na injini?"

"Na injini."

Kaka alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua ufunguo. Mama akamtangulia, akauchukua. Akainuka, akatoka nje na nguo yake ya Jumapili, sote tukamfuata, Mama mdogo nyuma kabisa akigonga mkongojo na kuuliza kuna nini. Mama akafungua boneti, akafungua bomba la bustani, akaziba mdomo wa bomba kwa kidole gumba ili maji yatoke kwa nguvu, akaimwagia injini mpaka maji yakawa yanatoka chini ya magurudumu. Kaka akasema, "Mama, utaliua." Mama akaingia, akawasha, akaliacha liungurume. Tulisimama pale tukiangalia gari. Injini ikapata moto, mvuke ukapanda, maji yakakauka juu ya bati. Taa haikuwaka.

"Mwambie mnunuzi wako atafute jingine," Mama akamwambia kaka kupitia dirishani.

Alipozima, mume wangu alikwenda kufunga boneti. Nilikuwa karibu, ndiyo maana nilisikia.

"Ulijua kwamba na mimi naliosha," Mama akasema.

"Nilijua, Mama."

"Na umesimama pale ukatukanwa peke yako."

Mume wangu alikuwa anafuta boneti kwa mkono wa shati.

"Kazini," Mama akasema, "wapo waliokuwa wanameza vidonge vya maumivu njiani ili wasinisumbue. Wanafika kwangu wametulia, sijui uchungu umefikia wapi. Nilikuwa nawagombeza mpaka wanalia. Nawaambia, njoo kwangu ulivyo, mimi nitaona nini kama umeshakificha?" Akatoa ufunguo. "Na wewe ungenigombeza."

"Siwezi, Mama."

"Ndiyo maana tumehangaika hivi."

Mwezi uliofuata nilikuwa bandani nimempelekea mume wangu chakula, ambacho bila shaka kilikuwa kinapoa, kigari cha Mama kikaingia. Sikukitambua mara moja. Kilikuwa na vumbi mpaka kwenye vioo, matope yamekauka kwenye milango, na mtu fulani, nadhani Mama mdogo, alikuwa amechora kwa kidole uso unaocheka kwenye kioo cha nyuma. Povu aliacha kazi akaja kutazama. Mama akashuka amekusanya gauni lake ili lisiguse mlango, akanyata kama mtu anayekanyaga mayai, akafika kivulini.

"Nimekuletea lilivyo," akamwambia mkwe wake. "Kuna mahali linalia nikikata kona. Tazama mwenyewe, sijafuta kitu."

Mume wangu alikuwa ameshainuka, ameshaanza kufuta kigoda kwa shati. Mama akakataa kwa mkono, akageuza ndoo tupu ya Povu, akatandika leso yake juu, akakaa. Akamwonyesha kigoda kwa kidevu.

"Kaa, mwanangu. Nikueleze linavyolia."

Mume wangu akatazama ndoo, akatazama kigoda, akanitazama mimi. Nilijua neno litakalomtoka, na nilikuwa tayari kabisa kugombana naye mbele ya mama yangu mzazi.

Hakulisema. Akavuta kigoda karibu, akakaa.